Gari Linalolala

Mdogo wangu alipofariki mwaka 2017, watoto wake waligawana alivyoviacha bila ugomvi, jambo ambalo katika zama zetu hizi ni la kumshukuru Mungu. Kitu kimoja tu kilikosa mwenyewe, nacho ni gari lake. Lilikuwa gari kubwa la kifahari la Kijerumani, lililotoka kiwandani mwaka 2001, likatumika Japani miaka kadhaa, kisha likaletwa Dar es Salaam kwa meli likiwa bado linang'aa. Marehemu alilipenda kuliko inavyompasa mtu mzima kupenda chuma. Wanawe walilikataa kwa sababu moja: gari lilikuwa linalala.

Maneno hayo yanahitaji maelezo. Gari hilo halina springi za chuma. Linabebwa na hewa. Ukiliegesha jioni likiwa limesimama vema juu ya magurudumu yake, asubuhi unalikuta limeinama upande mmoja wa mbele, tairi limemezwa na bodi, utadhani ng'ombe aliyepiga goti. Ukiwasha injini linaguna kidogo, kisha linanyanyuka polepole mpaka likae sawa. Ndivyo lilivyokuwa mwanzoni. Baadaye likaacha hata kunyanyuka. Hapo mjane wa marehemu akaniambia, "Shemeji, lichukue wewe. Wewe ni mwalimu, una subira."

Nililichukua, nikalileta Morogoro. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kustaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi, na pensheni yangu ilikuwa na kazi nyingine nyingi za kufanya. Kampuni iliyolitengeneza gari siitaji, kwa maana mpira uliokaa miaka mingi namna hiyo ukipasuka, hakuna wa kulaumiwa. Nitaeleza jinsi hitilafu ya gari la namna hii inavyotafutwa, kwa kuwa wapo wenye magari kama hilo wanaoteseka kama nilivyoteseka. Nitaeleza pia jinsi nilivyomkosea mtu katika kuitafuta, na jinsi kosa hilo lilivyonirudisha kwenye kosa lingine, la zamani na kubwa zaidi.

Kwanza gari lenyewe. Mafundi wetu huita springi hizo "shokapu za upepo". Mimi niliyefundisha sayansi kwa miaka mingi hupenda kusema hewa, maana upepo ni hewa inayotembea, na hii imefungiwa. Lakini neno la fundi si baya: matatizo yote ya gari hili huanza pale hewa inapopata njia ya kuwa upepo.

Katika kila pembe ya gari kuna mfuko wa mpira mgumu uliojazwa hewa, na shokapu ikiwa ndani yake. Uzito wote wa gari, karibu tani mbili, umekaa juu ya mifuko hiyo minne. Hewa inaweza kubeba mzigo huo kwa sababu aliyoieleza Robert Boyle mwaka 1662: ukiibana hewa mahali pasipobadilika joto, mjao wake ukipungua nusu, kanieneo yake huongezeka maradufu. Nilipokuwa nikilifundisha jambo hili sikutumia maneno hayo. Nilimpa mtoto pampu ya baiskeli, nikamwambia azibe tundu kwa kidole kisha asukume. Mkono husukuma kwa urahisi mwanzoni, halafu hugoma, na ukiuachia mpini hurudi wenyewe. Hiyo ndiyo springi. Mfuko ulio chini ya gari ni pampu hiyohiyo ambayo tundu lake limezibwa, na kanieneo iliyomo ndani yake ni mara kadhaa ya ile ya tairi la kawaida.

Hewa hiyo hutoka kwenye kompresa ndogo inayoendeshwa na umeme wa betri. Kompresa huvuta hewa ya nje na kuipitisha penye chembe za kukausha unyevu, kisha huipeleka kwenye boksi la vali, ambako vali za umeme huigawa kwa kila mfuko kwa vipaipu vyembamba kuliko kalamu ya risasi. Karibu na magurudumu kuna sensa zinazopima kimo cha gari. Sensa ikisema, "Pembe hii iko chini," kompyuta huamuru kompresa iwake na vali ya pembe hiyo ifunguke. Sensa ikisema kimo kimetosha, kila kitu huzimwa.

Fikra hii si ngeni. Magari ya kifahari yamekuwa yakiijaribu tangu miaka ya 1950. Nchini Marekani, Cadillac Eldorado Brougham ya mwaka 1957 ilikuwa na springi za hewa kwenye magurudumu yote manne, na wenye magari hayo wengi walichoshwa na uvujaji wakaweka springi za chuma. Wafaransa, kwa gari la Citroën DS la mwaka 1955, walichukua njia ya jirani: gesi iliyofungiwa ndani ya tufe, na mafuta yakiisukuma. Mercedes-Benz ilianza na hewa mwaka 1961, kwenye gari la 300 SE. Kilichokuja baadaye ni kompyuta na sensa. Mpira umebaki kuwa mpira, nao huzeeka kwa joto, kwa vumbi na kwa kukunjwa mahali palepale kila gurudumu linapopanda na kushuka.

Basi, mwanzoni mwa mwaka 2018 nililipeleka gari kwa fundi. Fundi huyu alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Sasa ni mtu mzima, ana gereji yake nje kidogo ya mji na vijana watatu wanaojifunza kazi kwake. Aliwasha umeme wa gari, akainamisha sikio, akasikiliza. Kompresa ilikuwa kimya. Akachunguza fyuzi, akaikuta nzima. Akapeleka umeme moja kwa moja kwenye kompresa, nayo haikuitika. Ilikuwa imekufa.

"Mwalimu," akasema, "kompresa imeungua. Lakini kabla hatujaweka nyingine, niachie gari siku mbili nizikague pembe zote nne."

Nilimuuliza ukaguzi huo ni bei gani. Aliponitajia nilimwambia, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia ofisini, kwamba kilichokufa kimekwisha kujulikana, na kwamba fedha nilizonazo ni za kununua kompresa, si za kukagua visivyoumwa. Aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya darasani. Kompresa ikaagizwa kutoka Dar es Salaam. Ilinigharimu pensheni ya miezi mitatu.

Gari lilinyanyuka. Kwa wiki tisa nililiendesha nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia. Lilipita juu ya matuta ya barabara ya Dodoma kana kwamba limeyasamehe, nami nikaelewa kwa nini mdogo wangu alilipenda. Kisha siku moja taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ikiniambia nisimame, gari liko chini mno. Nikanusa harufu ya kitu kinachoungua. Nilipoliacha lipoe kwa nusu saa, kompresa iliwaka tena kwa muda mfupi, ikapata moto, ikajizima.

Sikufikiri. Nilikwenda gereji na kumwambia fundi kwamba kompresa aliyoniuzia ni mtumba uliosafishwa ukatiwa kwenye boksi jipya. Nilisema nimemfundisha hesabu, lakini sikumfundisha hesabu za namna hiyo. Nilisema hayo mbele ya vijana wake watatu. Yeye alisimama akifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi, wala hakunijibu. Nikauchukua ukimya wake kuwa ndio ungamo. Nikakodi lori la kubebea magari, nikalirudisha gari nyumbani.

Sasa msomaji, nisikufiche: nilianza kulichunguza gari lile si kwa kutaka kujua ukweli bali kwa kutaka ushahidi. Nilikusudia kumpeleka fundi kwenye baraza la kata, na mtu aliyezoea ofisi hujua kwamba malalamiko bila maandishi ni kelele. Nikachukua daftari la hesabu la mraba, futi ya fundi cherehani na chaki.

Nilianza kwa usalama, nami namsihi yeyote atakayefanya kama mimi aanze hapohapo. Gari la hewa halisimami kwa ahadi. Linaweza kushuka ghafla wakati wowote, hata likiwa limezimwa, na nafasi iliyo chini yake haimtoshi mtu. Kamwe usiingie chini ya gari hilo, wala usitie kichwa kati ya tairi na madigadi, kabla hujaliweka juu ya stendi za chuma zilizokaa kwenye sakafu ngumu. Jeki peke yake haitoshi. Na gari likisha kushuka kabisa, usiliendeshe hata kwa hatua chache, kwa kuwa tairi huisugua bodi na shokapu hupigana chuma kwa chuma.

Kisha nikapima. Kila jioni niliwasha gari, nikaipumzisha kompresa kila ilipopata moto, mpaka gari likakaa sawa. Nikalizima na kufunga milango, nikasubiri kidogo, maana magari ya namna hii huweza kujirekebisha yenyewe baada ya kuzimwa. Halafu nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, nikaandika. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafungua mlango wowote, nikapima tena. Nilifanya hivyo kwa siku tatu, maana kipimo cha siku moja ni uvumi tu.

Pembe tatu zilishuka kwa chini ya nusu sentimita, kiasi ambacho baridi ya usiku inaweza kukieleza, kwa kuwa hewa ikipoa hunywea. Pembe ya mbele kushoto ilishuka sentimita sita siku ya kwanza, sita na nusu siku ya pili, na sita tena siku ya tatu.

Nilikaa kibarazani nikaziangalia namba hizo huku chai yangu ikipoa. Kompresa haina kazi usiku. Gari likizimwa nayo imezimwa. Hailishushi gari wala hailipandishi. Kama gari lilikuwa linashuka wakati kompresa imelala, basi uovu wowote wa kompresa, iwe mpya au mtumba, haukuhusika. Hewa ilikuwa inatoka penginepo. Na mchana kompresa ililazimika kuirudisha hewa hiyo tena na tena, saa baada ya saa, mpaka ikaungua. Ya kwanza iliungua hivyo. Ya pili ilikuwa njiani kuifuata. Kilichoungua hakikuwa chenye kosa. Ndicho kilichokuwa kikilibeba kosa.

Nilibakiwa na kazi ya kuuona uvujaji kwa macho. Pembe moja ikishuka peke yake, pana mahali patatu tu pa kushuku: mfuko wenyewe, kipaipu chake, au vali yake kwenye boksi. Nililiweka gari juu ya stendi, nikatoa tairi. Nikachanganya sabuni ya kuoshea vyombo na maji, nikapaka kwa brashi ya rangi kwenye maungio ya kipaipu. Kimya. Nikapaka kwenye boksi la vali. Kimya. Nikasogeza kifuniko cha vumbi cha mfuko, nikapaka pale mpira unapojikunja. Mapovu madogo yakachomoza kwa safu, yakapasuka, yakachomoza mengine. Nilipofuta povu niliona nyufa nyembamba zilizofuata mkunjo, kama nyufa za kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi.

Kwa faida ya wenye magari haya, niongeze machache niliyojifunza kabla sijaendelea. Kama pembe mbili za ekseli moja zinashuka pamoja, au gari zima linashuka sawasawa, shuku boksi la vali na maungio yake kabla ya kushuku mifuko, maana si kawaida mifuko miwili kupasuka siku moja. Kama gari halishuki usiku lakini linakaa juu mno au limepinda, huenda hewa haina tatizo lolote. Angalia kijiti cha sensa, maana kikipinda au kikikatika, kompyuta huambiwa uongo nayo huutii. Kama kompresa haiwaki kabisa, anza na vitu vya bei ndogo: fyuzi, rilei, waya na betri. Kama inawaka kwa muda mrefu na gari halinyanyuki, ama uvujaji ni mkubwa ama kompresa imechoka, na aghalabu la pili limeletwa na la kwanza. Mashine ya kusoma hitilafu husaidia, lakini husema kile ambacho kompyuta imekiona, na kompyuta haina macho ya kuona nyufa. Badilisha au pima kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika. Ukibadilisha vitatu kwa mkupuo na gari likapona, hutajua kipi kiliponya, na fedha za viwili zimekwenda bure.

Daftari langu la ushahidi lilikuwa limekamilika, ila lilikuwa limemtia hatiani mtu mwingine.

Nilichelewa siku nne kwenda gereji. Kila siku nilipata udhuru. Mzee kumwomba radhi kijana si jambo tunalofundishwa, na mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi wake ni zaidi. Nilifikiri kumpigia simu. Nilifikiri kumtuma mtu ampelekee kazi ya kubadilisha mfuko bila kuligusa lililopita, yeye aelewe mwenyewe. Lakini tusi nililitoa mbele ya vijana wake, na radhi ya simu ingekuwa deni lililolipwa nusu.

Nilikwenda asubuhi, wote wakiwapo. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Marahaba," nikajibu, na papo hapo, kabla ujasiri haujaniponyoka, nikasema kwamba nilimsingizia, kwamba kompresa yake ni nzima, na kwamba hewa inatoka kwenye mfuko wa mbele kushoto. Nikampa daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, taratibu. Alipomaliza alisema:

"Mwalimu, nilikuambia siku ile tukague kwanza."

Hakuongeza neno. Nami sikuwa na la kujibu, kwa kuwa ni kweli aliniambia. Kijana mmoja alijifanya anatafuta spana.

Alinieleza njia mbili bila kunificha kitu. Angeweza kutoa hewa yote na kuweka springi za chuma. Gari lingeacha kulala, na gharama ingekuwa ndogo kwa miaka mingi, lakini lisingekuwa tena lile lililopita juu ya matuta kwa upole, na taa ya hitilafu ingebaki inawaka mpaka kompyuta nayo ifanyiwe kazi. Au angeweza kuweka shokapu ya mbele kushoto iliyokarabatiwa na kutiwa mfuko mpya, akinionya kwamba ya kulia ni ya umri uleule, nayo itadai zamu yake. Nilichagua hewa. Busara ya fedha ilikuwa upande wa chuma, lakini gari lilikuwa la mdogo wangu.

Katika kazi hiyo alifungua pia rilei, akanionyesha. Midomo yake ilikuwa imeungua na kuchubuka. Rilei ya namna hiyo, alisema, kuna siku hunata, ikaacha kompresa inaendelea kuwaka hata pasipo amri. "Hii ndiyo ndogo kuliko zote, Mwalimu, na ndiyo ya kubadilisha kila unapobadilisha kompresa." Tukaibadilisha. Kompresa ileile niliyoiita mtumba inafanya kazi hadi leo ninapoandika. Ule wa kulia ulipasuka mwaka 2021, kama alivyotabiri, na safari hiyo nilimwachia gari siku mbili bila kuuliza bei.

Ningependa kuishia hapo, lakini si hapo lilipoishia.

Usiku ule niliporudi kutoka kumwomba radhi fundi, maneno yangu mwenyewe yalininyima usingizi: kilichoungua hakikuwa chenye kosa. Nilimkumbuka mwalimu mmoja wa kike niliyekuwa naye mwaka 1994. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mchapakazi, mwenye sauti iliyosikika hadi barabarani. Mwaka ule alianza kuporomoka. Madaftari hayakusahihishwa. Maandalio ya masomo yalichelewa. Siku mbili nilimkuta amelaza kichwa mezani na watoto wanapiga kelele. Nilimwita ofisini, nikamsema. Hali haikubadilika. Nikamwandikia barua ya onyo, nakala ikaenda kwenye jalada lake wilayani, na mwisho wa mwaka nikapendekeza ahamishwe. Alihamishwa, mbali. Sikupima pembe yoyote. Nilikiona kilichoungua, nikakitoa, nikaomba kipya.

Mwalimu mpya alikuja akiwa na nguvu zake. Kabla mwaka haujaisha naye alikuwa ameanza kuchelewesha madaftari. Ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza kwa nini chumba kile kinamaliza walimu, nikaenda kusimama nje ya dirisha baada ya mapumziko ya saa nne. Ndani palikuwa na watoto wa madarasa mawili. Mwalimu wa darasa jirani, mtu mcheshi niliyempenda, alikuwa na duka mjini, na siku tatu kwa wiki aliondoka mapumziko yakianza na kuwaacha watoto wake kwa mwenzake. Alikuwa akifanya hivyo kwa muda mrefu. Yule mama alikuwa akibeba madarasa mawili, akinyamaza, kwa kuwa mwenzake alimwomba na kwa kuwa hakutaka kuwa mchongezi.

Mwenye duka nilimshughulikia. Lakini yule mama sikumwandikia. Nilijiambia kwamba amekwisha kuzoea huko aliko, kwamba kufufua mambo ni kumsumbua. Kwa kweli niliona haya, nikaiita haya hiyo busara. Miaka zaidi ya ishirini ikapita.

Mwaka 2019 niliuliza habari zake kwa walimu wenzangu wastaafu, nikaambiwa amestaafu na anaishi Kilosa. Nilikwenda kwa gari la mdogo wangu, kwa njia ya Dumila. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapeta mchele. Alinitambua mara moja, akainuka, akanipokea kwa cheo ambacho nilikwisha kukivua: "Karibu, Mwalimu Mkuu."

Nilimweleza yote: dirisha, duka, na kwamba nilijua tangu mwaka 1995 nikanyamaza. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Mimi nilidhani unajua, Mwalimu Mkuu. Tangu mwanzo. Nilidhani wewe ndiye uliyepanga hivyo, na ile barua ni kwa sababu nilishindwa kazi uliyonipa."

Nilipopata sauti nilimuuliza kama ile barua ilimdhuru. Alijibu bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokinunua zamani, kwamba ilimchelewesha kupanda daraja miaka minne, na kwamba miaka hiyo aliiona tena siku alipopigiwa hesabu za kiinua mgongo. Hesabu hizo hazifunguliki tena. Nilikuwa nimekuja na barua nyingine mfukoni, niliyoiandika kwa mkono, ikieleza kwamba onyo la mwaka 1994 halikuwa la haki na kwamba mwenye kosa lilikuwa kosa langu kutomtafuta. Niliitoa nikijua kwamba haina ofisi ya kuipokea.

Aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma yote, akaikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Alikaa kimya kitambo. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Tulikula wali na mboga ya majani. Aliniuliza habari za wenzetu, nani yu hai na nani ametangulia, nami nikamweleza. Aliponisindikiza hadi kwenye gari alilizunguka akilitazama, akasema ni gari zuri, mbona liko chini hivyo. Nikabonyeza kitufe cha kulinyanyua kwa ajili ya njia mbaya. Kompresa ikaguna, gari likapanda kidogo, naye akacheka.

Jioni nilifika Morogoro. Nililiegesha mahali pake, nikalizima, nikasubiri kidogo, nikapima pembe zote nne na kuandika. Ni desturi yangu mpaka leo.